Kabla ya Kununua Samaki Mkubwa wa Bahari kwa Tangi la Nyumbani

Chewa auzwapo akiwa na urefu wa kidole, bei yake hudanganya. Mlaji aliyeko Mamba, mbali sana na pwani, hanunui kidole hicho. Ananunua samaki ambaye aina yake kubwa kuliko zote hufikia mita 2.7, pamoja na bahari atakayoihitaji.

Tuanze na maji. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, hivyo tangi la lita 1,000 huhitaji kilo 35, na maji hayo yana uzito wa tani moja. Si kila sakafu iwezayo kuubeba. Wako wanaokimbilia chumvi ya Uvinza kwa kuwa i karibu. Chumvi hiyo ni njema kwa mboga, bali haina magnesiamu, kalsiamu na madini mengine kwa kipimo cha bahari. Maji ya Ziwa Rukwa nayo, yajapokuwa na magadi, si maji ya bahari.

Pili ni ukali. Chewa hufumbua kinywa ghafla akammeza mwenzake mzima. Kikande, ambaye meno yake huvunja makombe na kaa, huweza kukata mpira wa hewa na kuuma mkono wa anayesafisha tangi. Samaki wa namna hii hukaa peke yake.

Umeme ukikatika, pampu husimama: oksijeni hupungua na amonia itokayo kwa samaki mwenyewe hurundikana. Bakteria waivunjao huhitaji wiki kadhaa kustawi kabla samaki hajaingizwa tangini.

Tunamshauri mlaji amwulize muuzaji aina ya samaki, urefu wake akikomaa na chakula chake, na adai majibu hayo kwa maandishi pamoja na risiti. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Aliyeambiwa kwamba chewa "hakui zaidi ya hapo" anaweza kulalamika Tume ya Ushindani.

Mwenye hamu tu ya tangi sebuleni atazame Ziwa Tanganyika, lililo mkoani humu: lina samaki wa sentimita chache waishio ndani ya makombe matupu ya konokono, nao hawahitaji chumvi. Kuhe wa ziwa hilohilo asidhaniwe kuwa mbadala, kwani hupita sentimita 60 na hulinda makinda yake kwa ukali.