Kupaka Samani Mpya: Rangi, Mafuta au Vanishi?

Mtu akinunua meza kwa seremala ingali nyeupe, haijapakwa kitu, kazi yake imekwisha nusu tu. Ubao ulio wazi hunywa maji, mafuta ya chakula na jasho la mikono. Hutanuka wakati wa masika na kunywea wakati wa kiangazi, na doa likiisha kuingia ni taabu kulitoa. Walakini si kila king'arishacho mbao kinazilinda. Wako watu waliotoa fedha nyingi kupata mbao njema, kisha wakaziharibu kwa kopo moja la rangi isiyozifaa. Kwa hiyo tumeona yafaa tuwaeleze wasomaji wetu jinsi ya kuchagua.

Jambo la kwanza ni kuujua mti. Mninga, mvule na mkangazi ni miti yenye rangi yake nzuri, na wahenga walisema kizuri chajiuza. Mvule mpya huwa wa manjano, lakini ukiachwa katika mwanga hugeuka kahawia wenyewe. Kuutia rangi ni kupoteza fedha. Msonobari ni mweupe, nao ndio watu wapendao kuutia rangi ya kupenya ili ufanane na miti ya thamani. Basi na ijulikane kwamba rangi hiyo hubadili sura tu, haiulindi ubao. Juu yake hapana budi kupaka kitu kingine. Tena msonobari hauinywi rangi sawasawa: mahali laini hunywa sana, mahali pagumu hunywa kidogo, na ubao huwa na mabaka. Dawa yake ni kuupaka kwanza polishi nyepesi sana ya spiriti, na ikiisha kukauka ndipo rangi ifuate. Na kabla ya yote, jaribuni juu ya kipande kilichobaki cha ubao ule ule, si juu ya meza yenyewe.

Jambo la pili ni kuijua kazi ya chombo. Hapa twaweza kuchagua katika mambo matatu.

Mafuta ya kitani hupenya ndani ya ubao, na kwa kuvuta hewa hugeuka yakawa magumu. Yaliyo mabichi huchukua siku nyingi kukauka. Yale yauzwayo kwa jina la mafuta yaliyochemshwa hukauka upesi zaidi. Yafaa kwa viti na vipini, tena mkwaruzo ukitokea hurekebishwa kwa kupaka tena. Wengine hupaka mafuta ya nazi kwa sababu yako nyumbani, nayo hung'aa siku ya kwanza. Lakini mafuta ya nazi hayakauki kamwe: hukamata vumbi, na mwisho hunuka.

Polishi ya spiriti hutengenezwa kwa utomvu wa mdudu mdogo wa India. Hukauka upesi na kupendeza sana, nayo yafaa kwa kabati la nguo au sanduku. Meza ya chakula haiifai, maana chungu cha moto au kikombe chenye maji huacha duara jeupe.

Vanishi ndiyo ngao ya meza ya chakula na dawati la shule. Kwa benchi la barazani lipigwalo na jua na mvua, nunueni vanishi iliyotengenezwa kwa kazi ya nje, kwani ile ya ndani hupasuka na kubanduka.

Namna ya kupaka ni moja kwa zote. Ubao uwe umekauka barabara. Pigeni msasa kwa kufuata nyuzi za mti, maana mikwaruzo ya kukingama huonekana zaidi baada ya rangi. Futeni vumbi lote. Pakeni tabaka nyembamba, na kila moja ikauke kabla ya nyingine. Tabaka moja nene hutiririka, wala haikauki vizuri. Kisha pakeni na uvungu wa meza pia. Upande mmoja ukifungwa na wa pili ukiachwa wazi, ubao hunywa unyevu upande mmoja tu, ukapinda.

Sasa twasema juu ya hatari mbili. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yakikunjwa na kuachwa pembeni, hupata moto yenyewe pasipo kiberiti, kwa sababu mafuta yanapokauka hutoa joto, na joto hilo halina pa kutokea. Karakana imeweza kuungua usiku watu wakilala. Yatandazeni nje moja moja mpaka yakauke, au yatieni katika debe la maji lenye kifuniko.

Hatari ya pili ni risasi iliyomo katika baadhi ya rangi. Ni sumu iharibuyo akili ya mtoto, naye mtoto hutafuna ukingo wa kitanda chake. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 1909 ya kukataza rangi nyeupe ya risasi katika majengo, na Marekani ikakataza rangi ya risasi majumbani mwaka 1978. Msinunue rangi ya kopo lisilo na maandishi, wala msikwangue rangi ya kale mbele ya watoto.

Waalimu wanaofundisha useremala wangefanya vema kuweka darasani vipande vya mbao za nchi yao, kila kimoja kimepakwa nusu na nusu kuachwa wazi. Mnunuzi akiviona, atachagua kwa macho yake mwenyewe.