Injini Inapolala: Somo Kutoka kwa Ndege Ndogo



Katika ziara za miradi huwa tunaulizwa hivi: mashine iliyosimama ina hasara gani, wakati hainywi mafuta wala hailipiwi mwendeshaji? Katika toleo hili tumeona vema kujibu kwa kutazama injini ya ndege ndogo, kwa sababu wenye ndege hawathubutu kubahatisha. Trekta ikizimika shambani, dereva hushuka akaita fundi. Rubani hana pa kushuka.

Sisi wa Ufipa tunajua thamani ya ndege hizi. Amref ilianza huduma ya madaktari wanaoruka mwaka 1957, na shirika la MAF limetumia ndege za aina ya Cessna 206 kufikisha wagonjwa, dawa na watumishi kwenye viwanja vya udongo hapa Tanzania. Kiwanja cha Sumbawanga chenyewe kilikuwa cha changarawe kwa miaka mingi. Ndege ya huduma husimama kwa sababu nyingi: kipuri hakijafika, rubani yuko likizo, fedha zimekwisha. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ndege nyingi duniani ziliegeshwa kwa miezi.

Sasa tuone kinachotokea ndani. Petroli ikiungua hutoa maji. Lita moja hutoa karibu lita moja ya maji katika hali ya mvuke. Mengi hutoka kwa eksozi, lakini sehemu hupenya pembeni mwa pistoni na kuingia kwenye oili pamoja na asidi. Injini ikizimwa, oili hujichuja taratibu kwenda chini na kuacha chuma kitupu. Usiku wa baridi hewa iliyomo ndani hutoa umande, kama mnavyouona kwenye mabati asubuhi ya Juni. Kutu huanza hapo, mahali ambapo jicho halifiki.

Injini nyingi za Lycoming zina kemshafti juu ya krenkishafti, kwa hiyo oili huihama mapema. (Nyingi za Continental zina kemshafti chini, na hili huzisaidia kidogo.) Siku injini inapowashwa tena, ile kutu hukwangua chuma kilicho laini kama kioo. Vipande vidogo huingia kwenye oili na kuzunguka injini nzima. Kuifumua na kuijenga upya injini ya namna hiyo ni gharama ya makumi ya maelfu ya dola. Fedha hizo zingesafirisha wagonjwa wangapi?

Wengi hudhani dawa ni kuiwasha kila wiki kwa dakika kumi. Kwa injini ya ndege hilo ni baya kuliko kuiacha. Dakika kumi ardhini hutengeneza maji mapya, na oili haipati joto la kuyafukuza. Watengenezaji hutaka ndege iruke walau saa moja, oili ikiwa na joto la nyuzi 75 hivi au zaidi. Kugeuza propela kwa mkono pia kunafuta oili kidogo iliyobaki ukutani mwa silinda.

Ikijulikana kwamba ndege italala kwa mwezi au zaidi, fundi huiandaa. Huondoa oili chafu, huweka oili maalumu ya kuhifadhi, kisha ndege hurushwa ili oili hiyo ienee. Halafu hutoa plagi na kunyunyizia oili ndani ya kila silinda. Mahali pa plagi huweka vizibo vyenye silika jeli, ile ile ya vifuko vidogo vinavyokuja na viatu vipya. Ikiwa ya buluu ni kavu, ikigeuka waridi imeshiba maji na hubadilishwa. Mdomo wa eksozi na njia zote za hewa huzibwa na kufungwa vitambaa vyekundu ili asisahau mtu, na kwenye propela hutundikwa kibao cha kukataza kuigusa. Matangi hujazwa ili pasiwe na nafasi ya umande. Tarehe huandikwa kwenye kitabu cha injini.

Tukirudi kwetu: pawatila hufanya kazi mvua za Novemba zinapoanza, kisha hulala. Jenereta nyingi za sharika zimekaa kimya tangu umeme ufike. Injini za dizeli hazina plagi za namna ile, basi msiige kila kitu. Badilisheni oili kabla ya kulaza mashine, maana oili chafu ina asidi. Jazeni tangi, mwageni maji kwenye chujio, fungueni betri, zibeni eksozi kwa kopo panya wasiingie. Mkiiwasha, ifanye kazi kweli kwa nusu saa au zaidi: jenereta iwashe taa na pampu, mashine ya kusaga isage mahindi.

Wafipa ni watu wa chuma tangu enzi za malungu, zile tanuru ndefu za udongo, hivyo kutu si mgeni kwetu. Wapo pia wanaotukumbusha Mathayo 6:19. Sisi hatusomi mstari ule kama ruhusa ya kuacha mali ya usharika ioze.

Kwa wafadhili tuna neno moja la wazi. Ni rahisi kupata fedha za mashine mpya yenye picha ya uzinduzi, na ni vigumu mno kupata fedha za oili na chujio za miaka mitano. Tunaomba maombi yajayo ya mashine yasipitishwe bila fungu hilo.

Katika ziara zetu zijazo tutaomba kuona daftari la mashine kabla ya kuiona mashine yenyewe: ililazwa lini, oili ilibadilishwa lini, nani aliiwasha mara ya mwisho na kwa kazi gani.