Mtoto Mwenye Mama Wawili

JUMANNE

Soma Kutoka 2:1–10 na Matendo 7:20–23. Binti Farao alijua nini kuhusu mtoto aliyemtoa majini?

Kisa hiki hufundishwa mara nyingi kama kisa cha yatima aliyeokolewa. Lakini Musa hakuwa yatima. Wazazi wake walimficha miezi mitatu (Waebrania 11:23), na dada yake alisimama kando ya mto akitazama. Kilichomtenga na nyumba yao ni amri ya mfalme, wala si kifo.

Binti Farao alimtambua mara moja kuwa ni mtoto wa Kiebrania. Kama alijua kwamba mnyonyeshaji aliyeletwa ndiye mama mwenyewe, Maandiko hayasemi. Alimlipa mshahara wa kulea, na huo haukuwa bei ya mtoto. Jina alilompa lilitunza kumbukumbu ya mahali alipopatikana. Ndiyo maana Musa, alipofikia miaka 40, alijua ni akina nani walio ndugu zake.

Watoto wengi walioasiliwa na wageni hawakupata neema hiyo. Tangu vita vya miaka ya 1950, watoto wanaokadiriwa kufikia 200,000 walipelekwa kutoka Korea Kusini hadi Marekani na Ulaya. Mwezi Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo ilieleza kwamba baadhi yao waliandikwa kuwa yatima au waliotupwa, hali wazazi wao walijulikana. Wengine wamerudi wakiwa watu wazima kumtafuta mama, na karatasi walizoshika mkononi zikawapoteza njia.

Mkataba wa Hague wa mwaka 1993 uliwekwa ili kuzuia mambo kama hayo. Unataka kwanza itafutwe familia katika nchi ya mtoto. Mama asitoe ridhaa kabla ya kujifungua, wala ridhaa hiyo isinunuliwe kwa fedha, na habari za asili ya mtoto zihifadhiwe.

Kwetu kuna hatari nyingine, nayo imo katika lugha. Mtoto akipelekwa kwa shangazi mjini ili asome, hubaki mtoto wa kwao; likizo atarudi. Nchini Ethiopia wapo wazazi walioweka dole gumba kwenye hati wakidhani ni malezi ya namna hiyo, kumbe sheria ilikuwa inakata undugu moja kwa moja. Kenya ilisimamisha uasili wa wageni mwaka 2014, na Ethiopia ikaupiga marufuku mwaka 2018.

Wapo watoto wasio na mtu kabisa, na anayewapokea kwa haki, hata kama ametoka ng’ambo, anafanya tendo jema sana. Paulo hakupata mfano bora wa wokovu kuliko kufanywa wana (Waefeso 1:5). Ila soma Yakobo 1:27 polepole. Yatima na mjane wametajwa pamoja. Kanisa huwa jepesi kumwonea huruma mtoto na kumsahau mama aliyeshindwa kodi ya nyumba, ambaye kwa msaada wa miezi michache angebaki na mwanawe.

Tafakari: Mgeni mwema akija kanisani kwenu akitaka kuasili mtoto wa mjane maskini, ni maswali gani mzee wa kanisa amuulize mgeni, na ni yapi aliulize kanisa lenyewe?