Kompyuta ya Mezani ya Zamani: Okoa Taarifa Kwanza, Kisha Itengeneze

Zipo shule, ofisi ndogo na vyama vya akiba na mikopo ambavyo hadi leo vinatunza leja zao katika kompyuta za mezani za zamani, nyingi zikiwa zimenunuliwa mtumba. Mashine hizo hazistahili kudharauliwa kwa sababu ya umri wake. Mara nyingi kinachoharibika ni kipuri kidogo. Lakini mtumiaji asiyefahamu hujikuta analipia kipuri kikubwa, au anarudishiwa mashine inayowaka huku leja ya miaka kumi imefutika. Somo hili linakusudia kumkinga mtumiaji dhidi ya hasara hizo mbili.

Dalili isiyopaswa kukutisha

Tuchukue mfano wa katibu wa chama cha akiba na mikopo anayewasha kompyuta asubuhi na kukuta tarehe imerudi nyuma miaka mingi. Asipogundua, marejesho ya siku hiyo yataandikwa kwa tarehe isiyo sahihi. Siku nyingine mashine inashindwa hata kuitambua diski yake, na fundi anadai kuwa ubao mama umekufa. Huenda sivyo. Katika ubao huo mna betri bapa mithili ya sarafu, aina ya CR2032 yenye volti 3, inayotunza saa na mipangilio wakati umeme umezimwa. Betri ikiisha nguvu, vyote hivyo hupotea. Hubadilishwa kwa dakika chache, kisha tarehe na mipangilio huwekwa upya.

Hatua ya kwanza: nakala

Kabla ya matengenezo yoyote, nakili taarifa zako na uzihifadhi mahali pawili tofauti. Iwapo kompyuta haiwaki, fundi anaweza kuichomoa diski na kuisoma kupitia kompyuta nyingine. Diski ikitoa mlio wa kugongagonga, zima mara moja. Kila dakika inayoendelea kuzunguka yaweza kuongeza uharibifu.

Unayoweza kufanya mwenyewe

1. Chomoa waya wa umeme, kisha gusa bodi la chuma la kompyuta ili kuondoa umeme tuli mwilini.
2. Ondoa vumbi kwa brashi laini iliyo kavu. Ukitumia blowa, shikilia mapanga ya feni yasizunguke.
3. Chomoa kadi za RAM na uzirudishe zikae imara. Mguso uliolegea huzuia kompyuta kuwaka.
4. Tazama kapasita zilizo kwenye ubao mama. Zilizovimba kichwani au kuvuja zimeharibika; kasoro hii ilienea katika kompyuta zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Fundi hodari wa kulehemu anaweza kuzibadilisha bila kununua ubao mwingine.
5. Kabla ya kuchomeka kompyuta iliyotoka nje ya nchi, kagua swichi ndogo iliyo nyuma ya pawa saplai. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Mashine iliyotumika Marekani yaweza kuwa imewekwa 115, na ukiiwasha hivyo itaungua.

Usivyopaswa kufungua

Pawa saplai huweza kubaki na umeme wa zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa. Monita ya chogo hutumia maelfu ya volti, nayo pia hubaki na umeme baada ya kuzimwa. Vifaa hivi viwili vimwachie fundi aliyefunzwa.

Aidha, kompyuta inayotumia Windows XP isiunganishwe na intaneti. Mtengenezaji alisitisha huduma za usalama za programu hiyo tarehe 8 Aprili 2014, hivyo mianya iliyogunduliwa baadaye haizibwi tena kwa utaratibu wa kawaida.

Unapokwenda kwa fundi

Tunakushauri:

• Omba makadirio ya gharama kwa maandishi kabla kazi haijaanza.
• Andika namba ya diski na ya RAM zako, fundi akiona, ili zisibadilishwe.
• Andikianeni kwamba diski haitafutwa bila idhini yako.
• Dai urudishiwe kipuri kilichotolewa, hata kama ni kibovu.
• Pokea stakabadhi inayoonyesha kazi iliyofanyika na muda wa dhamana.

Usiporidhika, wasilisha kwanza lalamiko lako kwa fundi kwa maandishi na ubaki na nakala. Asipolishughulikia, lilete kwetu pamoja na stakabadhi na makadirio. Pasipo karatasi hizo, ni vigumu kwetu kubainisha mliafikiana nini. Zikiwepo, lalamiko lako lina pa kuegemea.

Kompyuta mpya inaweza kununuliwa tena. Leja ya wanachama isiyo na nakala, ikipotea, hainunuliki.