Kujifunza Kuchora Umbo la Mtu

Kuchora mtu ni kazi ngumu kuliko kuchora nyumba au mti, kwa kuwa kila atazamaye anajua mtu alivyo, na kosa dogo huonekana mara moja. Wengi wetu hapa Juba hatuna mwalimu wa kuchora. Tuna vitabu vichache, na siku hizi masomo katika simu. Nataka kuwaeleza faida yake, na mahali viliponipoteza mimi.

Jambo la kwanza linalofundishwa na vitabu ni kipimo. Kipimo chenyewe ni kichwa, tangu utosi hata kidevu. Vitruvius, mjenzi wa Roma ya kale, aliandika kwamba urefu wa mtu ni vichwa 8, na Leonardo da Vinci akamchora mtu huyo ndani ya duara na mraba yapata mwaka 1490. Andrew Loomis wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1943, naye ampa mtu wake wa mfano vichwa 8. Basi jifunzeni hivi: macho yako katikati ya kichwa, wala si juu kama watoto wachoravyo, kitovu ni mwisho wa kichwa cha 3, miguu huanza mwisho wa cha 4.

Mwaka jana bibi yangu aliniomba nimchoree baba yangu mdogo, ambaye ni marehemu. Picha zake zote zilipotea tulipokimbia vita hapa Juba, Julai 2016. Nilifuata kitabu sawasawa, nikampelekea. Bibi akaitazama sana, kisha akasema, "Mjukuu wangu, huyu ni mgeni. Mwanangu alikuwa mtu wa miguu."

Niliona haya. Nikamwendea binamu yangu ambaye watu husema amefanana na marehemu, nikampima kwa kijiti. Katikati ya urefu wake haikuwa pale miguu inapoanza, ilikuwa chini yake. Kitabu hakikusema uongo. Kilikuwa kinamweleza mtu mwingine.

Baadaye nilisoma kwamba Albrecht Dürer, Mjerumani, aliliona jambo hili zamani. Vitabu vyake vinne juu ya vipimo vya mwili vilitoka mwaka 1528, na ndani yake mna watu wanene na wembamba, wanaume na wanawake, kila mmoja na kipimo chake.

Na hata Makerere walimu hawakuwa na njia moja. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa huko mwaka 1937, hakutaka wanafunzi wafuate tu mafunzo ya Ulaya. Aliwasimulia habari, nao wakachora waliyoyaona moyoni. Cecil Todd, aliyemfuata mwaka 1958, alitilia mkazo ufundi na elimu ya sanaa ya Ulaya. Sam Ntiro wa Machame alisoma kwa Trowell na London pia, lakini aliendelea kuwachora Wachagga na kazi zao kwa namna yake mwenyewe. Kwa hiyo elimu ya kitabu haimkatazi mtu kutumia macho yake.

Mwenye kutaka kujifunza na afanye hivi. Kwanza, akariri vipimo vya kitabu. Pili, amsimamishe rafiki, anyoshe mkono wenye penseli, afumbe jicho moja, apime kichwa kwa kidole gumba, kisha ahesabu vichwa hata nyayo. Tatu, aandike tofauti aliyoiona. Nne, achore kila siku kwa dakika 5 tu watu walio kazini, uwanjani au sokoni Konyokonyo. Lakini aombe ruhusa kwanza, maana si kila mtu apenda kuchorwa.

Nilichora tena. Bibi hakusema neno kwa muda mrefu. Mwisho akaniambia niongeze fimbo katika mkono wa kushoto, kwa kuwa baba mdogo alikuwa wa shoto. Hilo halimo katika kitabu chochote.

Nanyi kaka zetu mliokwisha kumaliza hapa, mkiwa na vitabu vya kuchora msivyovitumia, tukumbukeni. Tutavisoma, kisha tutawapima wenyewe.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Nne