Somo: Maili za Ndege Zina Thamani Gani?



Katika urafiki wa parokia za hapa na zile za Ulaya na Marekani, daima kuna wajumbe wanaopanda ndege. Safari hizo huzaa kitu kisichoonekani katika risiti, yaani maili za zawadi. Na pengine mfadhili huandika kwamba safari hii hana fedha, ila anazo maili 60,000, je, zitafaa? Swali ni zuri, na jibu lake linataka kalamu na karatasi.

Kwanza, jina lisitudanganye. American Airlines walipoanzisha mpango wao mwaka 1981, maili zilikuwa maili kweli, kwa kuwa msafiri alihesabiwa umbali aliosafiri. Siku hizi mashirika mengi huhesabu fedha zilizolipwa. Delta na United walianza kufanya hivyo mwaka 2015. Maili ni pointi tu, na anayepanga bei yake ni shirika la ndege lenyewe. Likitaka tiketi ya zawadi ihitaji maili nyingi zaidi kuliko jana, halimwulizi mtu.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukueni bei ya tiketi ambayo mngeinunua kwa fedha taslimu. Toeni kodi na tozo, maana hizo hulipwa hata kwa tiketi ya zawadi. Kinachobaki kigawanyeni kwa idadi ya maili. Tuseme, kwa mfano tu, tiketi ya kwenda na kurudi kutoka Dar es Salaam hadi Amsterdam ni dola 900, na kwa njia ya maili inadai maili 60,000 pamoja na tozo za dola 300. Mmeokoa dola 600, wala si 900. Kila maili imefanya kazi ya senti moja ya dola.

Angalieni maneno "mngeinunua", kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtu atasema: kwa maili 120,000 na dola 300 nitakaa daraja la biashara, ambako tiketi ni dola 3,900, kwa hiyo kila maili yangu ina thamani ya senti tatu! Kwenye karatasi ni kweli. Lakini kamati gani ya parokia ingelipa dola 3,900? Ingelipa 900. Basi kilichookolewa ni zile dola 600, na maili zimeshuka hadi nusu senti. Kwa maili hizo hizo wajumbe wawili wangesafiri daraja la kawaida.

Sasa tuje kwenye jambo zito zaidi: maili ni za nani? Shirika la ndege huziandika kwa jina la aliyesafiri, hata kama tiketi ililipwa kwa sadaka za watu. Nchini Ujerumani, mwaka 2002, Gregor Gysi alijiuzulu useneta wa uchumi wa Berlin baada ya kujulikana kwamba alitumia kwa safari binafsi maili alizopata katika safari za kibunge. Marekani, kwa upande wao, sheria ya mwishoni mwa mwaka 2001 iliwaruhusu watumishi wa serikali kuu kubaki na maili zao. Kwa hiyo njia zote mbili zipo. Kwa maoni yetu, safari iliyolipwa na wafadhili maili zake zisaidie safari inayofuata, na makubaliano yaandikwe kabla tiketi haijanunuliwa.

Pasipo makubaliano, kishawishi kipo. Mjumbe anayechagua ndege ya dola 1,000 badala ya 900 ili apate maili 4,000 amenunua kitu cha dola 40 kwa dola 100, na hizo 100 si zake.

Wala maili si akiba ya kuweka kama mahindi ghalani. Katika mipango mingi huisha muda akaunti ikikaa bila shughuli. Mwaka 2017 Air Berlin ilipofilisika, mpango wake wa topbonus nao ulifilisika, na wanachama hawakuweza tena kutumia maili zao. Zikitosha tiketi mnayoihitaji, zitumieni.

Kwa mfadhili mwenye maili: njia rahisi kwa kawaida ni wewe mwenyewe kukata tiketi kutoka akaunti yako kwa jina la msafiri, kama masharti ya mpango wako yanaruhusu. Kuhamisha maili kwenda akaunti nyingine mara nyingi hutozwa ada, na kuziuza hukatazwa. Tiketi iliyopatikana kwa maili za kununua mitaani inaweza kufutwa msafiri akiwa njiani.

Kwa mhazini: mchango huo usiingie katika daftari la fedha taslimu. Uandikeni kama mchango wa vitu, wa dola 600 katika mfano wetu, na zile dola 300 za tozo ziandikwe upande wa matumizi, na jina la aliyezilipa.