SOMO LA JIKONI: Saladi ya Viazi kwa Wanaosubiri Mtoto

Leo twende jikoni. Njombe, Mbeya na Lushoto viazi mviringo vinalimwa kwa wingi, lakini wengi wetu tunavila kwa chai tu, au tunavikaanga kwa mafuta mengi. Leo tutengeneze saladi. Ni ndugu yake kachumbari, ila hii inashibisha. Tumeichagua kwa ajili ya mume na mke wanaotaka mtoto.

Kwanza tuseme kweli. Hakuna chakula kinachofungua uzazi. Anayewauzia unga au mizizi kwa maneno hayo anataka fedha zenu. Kazi ya chakula ni kuutayarisha mwili. Iko vitamini iitwayo foleti. Imo katika mchicha, maharage na parachichi. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kujengwa katika wiki nne za mwanzo, na wakati huo akina mama wengi hawajajua kama wana mimba. Foleti ikipungua, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Kwa hiyo mama asingoje tumbo lionekane. Tena chakula peke yake hakitoshi. Waganga wanashauri vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, tangu anapoanza kutafuta mimba mpaka mimba ifike wiki 12. Ulizeni zahanati.

Haya, chukua viazi vinane vya kadiri. Kilichogeuka kijani kitupe! Kina sumu, na kuchemsha hakuiondoi. Vichemshe na maganda yake, vikiiva vimenye, uvikate. Usivisahau motoni, sisi tulivisahau, tukala uji. Chemsha mayai matatu mpaka kiini kiwe kigumu. Mchicha fungu moja uoshe kwanza, ndipo uukate. Upike kwa maji kidogo, dakika chache tu, na maji yake usimwage, maana foleti imo humo. Ponda parachichi moja bivu, tia vijiko viwili vya maji hayo, limau moja na chumvi kidogo. Changanya vyote pamoja na kikombe cha maharage yaliyoiva. Ukipenda kitunguu na karoti mbichi, vioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Ileni siku hiyo hiyo.

Limau si la ladha tu. Linausaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika mchicha na maharage. Chai inayazuia, basi chai isubiri kama saa moja.

Na baba naye ale. Mbegu za kiume huchukua karibu miezi miwili na nusu kutengenezwa, na sigara na pombe nyingi huziharibu. Ile tabia ya kusema "mke wangu hazai" hatuipendi hata kidogo. Mara nyingi kasoro iko kwa mume, au kwa wote wawili. Mkitafuta mwaka mzima na mimba haijaingia, nendeni hospitali pamoja. Kama mke amepita miaka 35, msingoje mwaka. Nendeni baada ya miezi sita.